Tairi Linapungua Upepo Polepole: Je, Niweke Tyubu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Tanga mjini na nina Toyota IST niliyoinunua ikiwa imetoka Japani. Tairi la mbele upande wa kushoto linapungua upepo polepole. Nikilijaza hadi PSI 32, baada ya siku nne nakuta limeshuka hadi 22. Nimekwenda mara mbili kwa fundi pancha, akalizamisha kwenye karai la maji na kulizungusha, lakini hakuona msumari wala kitundu. Sasa amenishauri niweke tyubu ndani. Mwisho wa mwezi nina safari ya Moshi pamoja na familia yangu. Je, nifuate ushauri huo, au niendelee kujaza upepo hadi nipate fedha za kununua tairi jipya?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiweke tyubu, na usianze safari ya Moshi kabla mahali upepo unapotokea hapajajulikana na kuzibwa. Tairi zima hupoteza kiasi cha PSI moja hadi tatu kwa mwezi, hata likiwa halina kasoro yoyote. Lako linapoteza kumi kwa siku nne, kwa hiyo tundu lipo, hata kama karai halikulionyesha.

Yapo mambo kadhaa yanayoweza kulificha. Tairi likiletwa kwa fundi likiwa limekwisha kupungua, msukumo wa ndani unakuwa mdogo na povu linalotoka ni hafifu mno. Pili, karai la kawaida ni fupi, na mara nyingi maji hayafiki kwenye ukingo wa ndani wa rimu, yaani ule unaoelekea chini ya gari. Tatu, fundi mwenye foleni ya wateja hulizungusha tairi haraka, ilhali tundu dogo laweza kuchukua nusu dakika kutoa kiputo kimoja tu. Mwombe alijaze kwanza hadi kufikia PSI 40, kisha apake maji mazito ya sabuni kwa brashi sehemu moja baada ya nyingine, akitulia kila mahali na kutazama. Baada ya kazi hiyo upepo upunguzwe hadi kiwango chake cha kawaida.

Aanze na valvu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Mafundi wengi hulamba kidole na kuweka tone la mate kwenye mdomo wa valvu. Tone likivimba, kipini cha ndani kimelegea au kimechoka, na kukibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa gharama ndogo. Ainamishe pia shina la valvu huku na huku, maana mpira wake ukizeeka hupasuka kwenye kitako, na mpasuko huo hufunguka pale tu unapopindwa. Halafu akague kashata, yaani sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, aingize macho katika kila mfereji, kwa sababu kipande cha waya chembamba huweza kuzama hadi kichwa chake kisionekane.

Hata hivyo, kwa gari linaloishi Tanga, mimi ningeshuku zaidi rimu. Kama rimu zako ni za spoti, yaani za alumini, hewa ya bahari yenye chumvi huzila pale ukingo wa tairi unapokaa, na hapo hujengeka unga mweupe unaoinua mpira kidogo na kuacha njia ya upepo. Rimu za chuma nazo hushika kutu mahali hapohapo. Pancha ya namna hii haina msumari wa kuutafuta, na ndiyo maana watu huhangaika nayo kwa miezi. Dawa yake ni kulitoa tairi, kusugua rimu kwa brashi ya waya au msasa laini mpaka iwe safi, kuipangusa, kupaka gundi maalumu ya ukingo na kulirudisha tairi. Rimu iliyopinda au kupata ufa kwa sababu ya mashimo ya barabarani inahitaji kunyooshwa na fundi wa rimu au kubadilishwa.

Tairi likishatolewa, mwombe fundi akumulikie ndani kwa tochi, nawe uingize mkono. Ukikuta unga mweusi wa mpira, au alama ya msuguano iliyouzunguka ubavu, ujue limetembezwa likiwa na upepo mdogo mno na nyuzi zake zimechoka. Tairi hilo halifai tena kuzibwa. Tundu lililo kwenye kashata, lisilozidi milimita sita kwa upana, huzibwa vizuri kwa kiraka cha ndani chenye shina linalojaza tundu lenyewe. Tundu la ubavuni halizibwi, na fundi yeyote atakayekuambia linazibika anahatarisha maisha yako.

Kuhusu tyubu, sababu ya kuikataa ni hii. Tairi lako limetengenezwa lishike upepo lenyewe, na linapochomwa na msumari mpira huubana, hivyo upepo hutoka taratibu nawe unapata muda wa kuegesha. Tyubu haina uwezo huo. Hujisugua ndani ya tairi ambalo halikuandaliwa kwa ajili yake, hupata joto katika mwendo mrefu, na ikitoboka upepo wote huweza kutoka kwa mara moja. Utakuwa umebadilisha pancha ya siku nne kwa pancha ya ghafla, tena ya tairi la mbele, katika barabara yenye mabasi na malori.

Kujaza kila baada ya siku chache nako kusiwe desturi, kwani ubavu wa tairi lenye upepo mdogo hukunjamana kila linapozunguka, na joto linalozalishwa ndilo hulipasua. Pima asubuhi kabla ya kuliondoa gari, kwa kuwa likishatembea kipimo hupanda. Soma kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kilopaskali, na 220 ni sawa na PSI 32 hivi. Soma vilevile tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni: 2317 maana yake ni kwamba lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Magari mengi ya mitumba hufika bandarini na matairi yaliyokwisha kuzeeka, na kama lako lina zaidi ya miaka kumi, fedha za kulitengeneza ziweke kwenye tairi jipya.

SWALI: Je, dawa ya kumimina ndani ya tairi inatosha kuziba pancha ndogo?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Inatosha kukufikisha kwa fundi. Haizibi ubavu wala rimu iliyoliwa na chumvi, huweza kuikwamisha valvu isipitishe upepo, na huvuruga mlingano wa gurudumu hata usukani ukatetemeka. Ukiitumia, endesha polepole, na mwambie fundi kabla hajalifungua tairi ili aisafishe yote ndipo aweke kiraka.