Kabla Hujaitisha Mkutano

Mradi wangu wa kwanza wa kupanga eneo la wazi la umma niliuanza kwa mkutano ukumbini, kama wengi wetu. Siku ya kazi, saa nne asubuhi, ramani ukutani, karatasi ya mahudhurio mlangoni. Nikaandika kwenye ripoti: wananchi wameshirikishwa. Kumbe waliosema walikuwa watu watano, wazee watupu, na ramani waliipitisha kwa sababu hakuna aliyeweza kuisoma. Ujenzi ulipokwisha, mabenchi yakawa juani na uzio ukaziba njia ya mkato ya wanafunzi. Haikupita miezi mitatu, uzio ukatobolewa. Hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya wanafunzi. Hatukuwauliza, wakatujibu kwa koleo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, anzia pale penyewe. Kaa, hesabu: nani anapita, nani anakaa, nani haonekani kabisa. Miaka ya 1990 huko Vienna iligundulika kwamba wasichana, wakifika miaka 9 hivi, walikuwa wakitoweka kwenye bustani za mji huku wavulana wakibaki. Bustani zikapangwa upya, eneo moja kubwa likagawanywa sehemu ndogondogo, wasichana wakarudi. Sidhani kama kuna msichana wa umri huo ambaye angesimama mkutanini aseme, "Nimeacha kuja."

Halafu tembea na watu, na urudie matembezi hayo usiku. Toronto, mwaka 1989, shirika la METRAC liliandaa mwongozo wa ukaguzi wa usalama unaofanywa na wanawake wenyewe kwa miguu. Maswali ya kuuliza ni mepesi: Taa inafika wapi? Ukipiga kelele, nani atasikia? Kuna njia nyingine ya kutokea? Kama kuna anayetumia kiti cha magurudumu, mwache atangulie, nawe nyamaza. Mchoro wako wa njia ya mteremko ya viti hivyo unaweza kutimiza kipimo kinachotumika sana, yaani urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kupanda, kisha pale juu fundi akaacha kizingiti kidogo ambacho wewe unakivuka bila kukiona. Yeye atakwama hapo, mbele ya macho yako. (Mkandarasi naye awepo, tafadhali.)

Kuna swali la kumuuliza bosi wako kabla hujatoka ofisini: ni uamuzi gani ambao bado haujafungwa? Mmarekani Sherry Arnstein aliandika mwaka 1969 kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8, kuanzia kutoshirikishwa kabisa hadi kuamua wenyewe. Kumpa mtu taarifa na kumwomba maoni aliviweka katikati, maana anayesikilizwa bado anaweza kupuuzwa. Ukiambiwa kila kitu kimeshaamuliwa ila rangi ya mabenchi, waambie watu hivyo hivyo. Watanuna. Ni afadhali wanune leo kuliko wagundue wenyewe baadaye.

Mwisho, rudi. Hapa ndipo wengi tunapotoroka. Bandika orodha ya kila kilichopendekezwa: kilichokubaliwa, kilichokataliwa, na sababu. Mara ya kwanza nilipobandika nilijiandaa kutukanwa. Mama mmoja akaisoma yote kwa kidole, akafika kwenye pendekezo lake lililokataliwa, akaniambia sababu niliyoandika si kweli. Bomba la maji halipiti pale. Tukaenda kuangalia, halikupita.