Kutangaza gemu mtandaoni: mambo ambayo timu ndogo ya Dar inapaswa kuyajua kabla ya siku yenyewe

Mtu akitazama Nintendo Direct au State of Play ya Sony, maonyesho ya video ambayo kampuni hizo hutangazia gemu mpya, kwa mara ya kwanza hudhani wale watu wako mbele ya kamera muda huohuo. Hawapo. Onyesho zima limesharekodiwa, limekatwa, limepangwa na kukaguliwa. Kilicho "mubashara" ni saa ya kurushwa tu. Kwa vijana watatu wanaotengeneza gemu kwenye chumba kimoja Sinza au Kijitonyama, hakuna habari njema kuliko hiyo. Umeme ukikatika mtaani saa ya tangazo, tangazo linaendelea, maana faili liko kwenye seva za YouTube na si kwenye kompyuta yenu.

Nintendo ilirusha Direct ya kwanza tarehe 21 Oktoba 2011. Mwaka 2013 ikaacha kufanya mkutano wake mkubwa wa jukwaani kwenye maonyesho ya E3 ya Los Angeles, ikabaki na video. Sony haikwenda E3 mwaka 2019, na Machi 25 mwaka huohuo ikaanzisha State of Play. E3 yenyewe, iliyoanza 1995, ilitangazwa rasmi kufa Desemba 2023. Gharama za ukumbi ni sababu mojawapo, lakini kubwa zaidi ni kushika usukani: kwa video kampuni inajichagulia siku, haigombanii vichwa vya habari na wapinzani waliopanda jukwaani saa mbili kabla yake, na hakuna kidhibiti cha kuchezea (controller) kinachogoma mbele ya watu elfu tano.

Kabla hujaandika mstari wowote wa tangazo lako, kaa na saa ya kupimia muda na utazame maonyesho matatu ya kampuni tofauti. Chora jedwali la safu nne: dakika gemu inapoanza, dakika inapoisha, kilichoonyeshwa (uchezaji halisi, katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya trela, au nembo tu), na ahadi ya mwisho (siku, mwezi, mwaka, au kimya). Kazi hiyo inachosha, hasa onyesho likiwa la dakika 40, ila hakuna somo linaloishinda. Utaona gemu zinazotoka karibuni zinapewa uchezaji mwingi na siku kamili. Zilizo mbali zinakuja na picha nzuri na mwaka, au bila mwaka. Katikati kuna mkusanyo wa haraka ambamo gemu ndogo zinapata sekunde chache kila moja, na hapo ndipo utajifunza jinsi ya kueleza gemu kwa pumzi moja. Kitu kikubwa kuliko vyote huwekwa mwisho, cha pili kwa ukubwa huwekwa mwanzo.

Safu ya nne, ile ya ahadi, ndiyo inayounguza watu. Juni 2017 Nintendo ilionyesha nembo ya gemu ya Metroid Prime 4, nembo tupu. Januari 2019 ilibidi itoe video kueleza kwamba kazi inaanza upya kwenye studio nyingine. Gemu ilifika mikononi mwa wachezaji Desemba 2025, miaka 8 baada ya nembo. Kampuni yenye mtaji wa Nintendo inaweza kuibeba miaka hiyo. Timu ya watu watatu haiwezi. Mashabiki wa kwanza 500 watakuwa wameshasahau jina. Microsoft nayo ilionyesha uchezaji wa Halo Infinite Julai 2020, watazamaji wakazicheka picha zake, mwezi uliofuata gemu ikaahirishwa, na ikatoka Desemba 2021. Tatizo halikuwa trela. Kilichoonyeshwa hakikuwa tayari kuonyeshwa.

Upande wa pili kuna Hi-Fi Rush, iliyotangazwa na kutolewa siku moja, 25 Januari 2023. Wengi wanaoanza wanaipenda njia hii kwa sababu inakwepa ahadi. Msiige. Gemu ile iliingia moja kwa moja kwenye Game Pass, huduma ya Microsoft ya kulipia gemu kwa mwezi, ambako mamilioni ya watu walikuwa wameshalipia na walihitaji kubonyeza tu. Ninyi hamna watu wanaosubiri, na muda kati ya tangazo na kutoka ndio muda wa kuwakusanya.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: tangaza pale unapoweza kukaa na mtu asiyeijua gemu, umpe simu au kompyuta, acheze dakika 15 bila wewe kumsimamia, na isizime. Kibanda chochote cha PS mtaani kina wakaguzi wa kutosha, na hawana aibu ya kusema gemu yako mbaya. Kama bado inazima, endelea na kazi, usifungue kamera.

Masharti ya maduka yatakusaidia kupanga kalenda. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, inatoza dola 100 kwa kila gemu, inataka siku 30 zipite tangu ulipe hadi utoe gemu, na ukurasa wa "inakuja" uwe hewani kwa wiki 2 angalau. Ukurasa nao hukaguliwa na watu, kwa hiyo upeleke wiki nzima kabla ya siku ya tangazo. Google Play inatoza dola 25 mara moja tu, lakini akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kuwa na wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Hapo ndipo wengi wanakwama: wanawaomba ndugu na marafiki 12 kamili, mmoja anajitoa siku ya 9, hesabu inaharibika. Chukua 20. Ukiwafungulia wachezaji kujiandikisha mapema kwenye Google Play, una siku 90 tu za kutoa gemu, na huko ni kubanwa kuzuri.

Sasa saa. Los Angeles iko nyuma ya Dar kwa saa 10 kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, na saa 11 miezi iliyobaki, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Onyesho la Juni linaloanza saa 4 asubuhi ya kule ni saa 2 usiku hapa. The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu ya Desemba, inayoanza saa 11 jioni ya kule, ni saa 10 usiku wa kuamkia siku inayofuata hapa Dar. Tokyo iko mbele yetu kwa saa 6 mwaka mzima. Usitangaze siku ambayo mojawapo ya maonyesho hayo linarushwa, wala kesho yake.

Na ukiandika tangazo lako, andika "saa 2:00 usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki". Ukiandika "saa 2" peke yake, Mtanzania ataelewa, mtu wa nje ataweka kengele ya saa 2:00 ya simu yake na kukuta hakuna kitu. Majira ni mtego mwingine. Kampuni zikisema "summer" zinamaanisha Juni hadi Agosti, ambayo kwetu ni kipupwe. Ukitafsiri "kiangazi" umempotosha msomaji wa Temeke. "Holiday" ni Novemba na Desemba. Mwaka wa fedha wa kampuni nyingi za Japani unaisha 31 Machi, hivyo "ndani ya mwaka huu wa fedha" inaweza kuwa mwakani. Taja mwezi.

Tuje kwenye video. Kwa gemu moja, trela ya sekunde 60 hadi 90 inatosha, na ukitaka kuongeza maelezo ya mtengenezaji, onyesho zima lisizidi dakika 6. Sekunde 5 za kwanza ziwe uchezaji. Nembo ya studio yako, hata kama imechorwa vizuri kiasi gani, iende mwisho. Hakuna anayeijua bado. Mtazamaji aone kitendo kikuu cha gemu mara tatu katika mazingira matatu tofauti kabla ya sekunde ya 30. Maandishi yakae kwenye skrini sekunde 3 angalau, na yasomeke kwenye simu, kwa kuwa wengi watatazama kwenye simu, na tena bila sauti, ndani ya daladala.

Rekodi kwa OBS, programu ya bure ya kurekodi skrini, 1920 kwa 1080, fremu 60 kwa sekunde. Chagua faili la MKV, si MP4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, MP4 inaweza kugoma kufunguka kabisa, ilhali MKV inakubakizia kila kilichorekodiwa hadi sekunde ile. Kuibadilisha kuwa MP4 baadaye ni kubonyeza mara mbili ndani ya OBS hiyohiyo. Gemu ya Android irekodi kupitia kompyuta kwa waya wa USB na programu ya scrcpy, simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Ujumbe wa M-Pesa ukishuka juu ya skrini, salio lako litakuwa sehemu ya trela.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi. Picha yenye dosari watu huvumilia, mwangwi wa chumba kitupu hawavumilii. Rekodi alfajiri kabla mtaa haujaamka, godoro limesimamishwa nyuma ya msemaji, pazia nzito dirishani, maikrofoni umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili herufi "p" zisipige. Feni izimwe. Ndiyo, kwa joto la Februari, feni izimwe. Rekodi vipande vya dakika 2 na upumzike. Kiswahili kina maneno marefu, hivyo hesabu maneno 110 kwa dakika. Ukifika 140 unakimbia. YouTube hushusha sauti inayozidi LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo lenga hapohapo, na muziki ukae chini ya sauti ya msemaji kwa desibeli 15 au zaidi.

Wimbo wa Bongo Fleva usiuweke kwa sababu tu mnamjua prodyuza. Pata ruhusa ya maandishi kwa mwenye utunzi na kwa mwenye rekodi, ambao mara nyingi ni watu wawili tofauti. Mfumo wa YouTube unaweza kuitambua sauti ndani ya dakika chache na kuzuia video au kupeleka mapato yake kwingine, siku ileile uliyoisubiri.

Kuhusu matarajio, Nintendo ina tabia moja inayofaa kuigwa: husema mapema kitakachokosekana. Mei 2024 rais wake, Shuntaro Furukawa, alitangaza kwamba kutakuwa na Direct mwezi Juni na kwamba haitagusia mrithi wa Switch, mashine yake ya kuchezea gemu. Watu waliokuja walikuja kutazama gemu. Nanyi mkiwa na gemu ya mtu mmoja tu, semeni kwenye tangazo la mwaliko kwamba haina sehemu ya kucheza wengi mtandaoni, la sivyo swali hilo litajaza maoni yote.

Nafasi kwenye maonyesho ya wengine ipo. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba dakika moja ya trela kwenye Summer Game Fest huuzwa dola 250,000, basi huko tuache. Ila Day of the Devs na Wholesome Direct huchagua gemu ndogo kwa maombi, na Steam Next Fest hufanyika Februari, Juni na Oktoba, ambapo gemu huingia mara moja tu katika maisha yake, ikiwa na demo, yaani kipande cha kujaribu bure. Usiitumie nafasi hiyo mapema.

Kupandisha faili kunahitaji hesabu. Video ya dakika 6 kwa megabiti 12 kwa sekunde ni kama MB 540. Intaneti yako ikipandisha megabiti 2 kwa sekunde, ni dakika 36. Ikishuka hadi 1, ni saa nzima na dakika 12. Pandisha siku moja kabla, kwa sababu YouTube huchakata ubora mdogo kwanza na 1080 hufuata baadaye. Ukiwahi kuonyesha, wageni wako wa kwanza wataona ukungu. Tumia mfumo wa Premiere wa YouTube, unaorusha video iliyorekodiwa kwa saa uliyoipanga, ili watu waingie wakati mmoja, na viungo vya Steam au Google Play viwe kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, si chini ya shukrani.

YouTube haikuruhusu kubadilisha faili huku ukibaki na kiungo kilekile. Tarehe ikiwa imekosewa ndani ya video, unaweza kukata kipande, si kukiandika upya. Njia inayobaki ni kupandisha video mpya na kuwapoteza waliokwisha kuisambaza ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kupandisha, mtu ambaye hakushiriki kuihariri aitazame yote kwenye simu ya kawaida, mara moja akiwa na sauti na mara moja bila sauti, akiwa na karatasi yenye mambo manne tu: jina la gemu, tarehe, duka, na saa.