Usiitangaze Programu Kabla Haijawa Tayari: Windows na Skrini Zenye Pikseli Nyingi

Ukifungua programu ya zamani kwenye kompyuta mpakato mpya, mara nyingi maandishi huonekana kama yamefunikwa na ukungu. Hapo hakuna kilichoharibika. Windows imeona programu haijasema lolote kuhusu vipimo vya skrini, ikaiacha ijichore kwa DPI (nukta kwa kila inchi) 96, yaani asilimia 100, kisha ikaivuta picha nzima hadi asilimia 150 au 200. Utaratibu huu ulianza na Windows Vista, na mambo mengi mapya ya mfumo endeshi huingia hivyo hivyo: programu ya zamani inaachwa na mazoea yake, na inayotaka kipya lazima iombe yenyewe.

Ombi hilo huandikwa kwenye manifesti, ile XML fupi inayopachikwa ndani ya faili la .exe. Wengi huongeza mstari wa `dpiAwareness`, unaotangaza kwamba programu inajua DPI ya skrini na itajikuza yenyewe, wakatoa toleo jipya siku hiyo hiyo. Ni kosa. Ukishatangaza, Windows haivuti tena picha yako, na kila kipimo ulichokiandika kwa pikseli kinabaki kilivyo. Kitufe cha pikseli 24 kwenye skrini ya asilimia 200 kinatoka nusu ya ukubwa unaotakiwa. Afadhali ukungu kuliko kitufe kisichobonyezeka. Washa tangazo mapema kwenye nakala ya majaribio, lakini kwa wateja liwe la mwisho kufika.

Kazi yenyewe huanzia kwenye namba. Tafuta kila upana, kimo na nafasi iliyoandikwa kwa mkono, uipitishe kwenye `MulDiv(kipimo, dpi, 96)`, kitendakazi cha Windows kinachozidisha, kugawanya na kukadiria jibu. Usigawanye kwa namba kamili za kawaida, kwa sababu hukata desimali badala ya kukadiria. Chukua kipimo cha 15: kwenye asilimia 125 ni 18.75, `MulDiv` inatoa 19, mgawanyo wa kawaida unatoa 18. Ukikirudisha hicho 18 kwenye skrini ya asilimia 100 unapata 14. Mtumiaji akilihamisha dirisha tena, kwenda na kurudi, kinakuwa 13, kisha 12. Kitufe kinanyauka huku unakiangalia. Kwa hiyo hifadhi kipimo cha asili cha DPI 96, na kila mara piga hesabu kutoka hapo, kamwe si kutoka kwenye kilichokwisha kukuzwa.

Dirisha linapovuka kwenda skrini nyingine, linapokea ujumbe wa `WM_DPICHANGED`. Ndani ya `lParam`, taarifa inayoambatana na ujumbe huo, kuna mstatili ambao Windows inapendekeza. Utumie ule ule kwenye `SetWindowPos`, inayopanga mahali na ukubwa wa dirisha. Wanaojipigia hesabu yao huishia na dirisha linalorukaruka mpakani: ukubwa mpya unalirudisha upande wa skrini ya kwanza, ujumbe unakuja tena, nalo linageuka tena. Baada ya hapo tengeneza fonti upya na upakie ikoni za ukubwa unaofaa. Fonti ndizo husahaulika zaidi, kwa kuwa kwa kawaida huundwa mara moja tu programu inapoanza. `GetSystemMetrics`, inayotoa vipimo vya sehemu za mfumo, nayo haijui dirisha lako liko skrini ipi, weka `GetSystemMetricsForDpi`.

Kama bado una wateja wa Windows 7, angalia hapa. `GetDpiForWindow`, inayokupa DPI ya dirisha lako, ilikuja na Windows 10 toleo la 1607. Ukiiunganisha moja kwa moja, kwenye mfumo wa zamani programu inagoma kabla hata ya mstari wako wa kwanza kutekelezwa. Itafute programu ikiwa tayari inaendeshwa, kwa `GetProcAddress` ndani ya maktaba ya Windows ya user32.dll; isipopatikana, rudi kwenye njia ya zamani ya kusoma DPI, `GetDeviceCaps` na `LOGPIXELSX`.

Kwenye manifesti, andika `PerMonitorV2, PerMonitor` ndani ya `dpiAwareness`, na `true/pm` ndani ya `dpiAware` kwa ajili ya mifumo isiyoijua ile ya kwanza. `PerMonitor` ni hali ya programu kujikuza kwa DPI ya kila skrini, na toleo lake la V2, la mwaka 2017, lina nafuu kubwa: linakuza lenyewe upau wa kichwa na visanduku vya mazungumzo vya kawaida, mambo ambayo toleo la Windows 8.1 lilikuachia wewe.

Jaribu kwa skrini mbili, moja asilimia 100 na nyingine 150. Una moja tu? Badilisha ukuzaji kwenye mipangilio ya Windows huku programu ikiwa wazi. Kisha fungua Task Manager, kichupo cha Details, uongeze safu ya DPI Awareness. Ikisomeka Unaware, manifesti yako haikupachikwa, na yote uliyoyaona ni picha iliyovutwa.

Si lazima madirisha yote yahame pamoja. Dirisha la ripoti linalotegemea kijenzi cha zamani usichoweza kukirekebisha, liundie baada ya kuita `SetThreadDpiAwarenessContext`, inayobadilisha hali ya DPI ya madirisha yanayoundwa, ukiipa hali ya zamani, halafu rudisha hali mara dirisha linapokwisha kuundwa. Litabaki na ukungu wake, na mengine yatakuwa safi.