Barua kwa mwanangu: Vile vitabu viwili ulivyoniuliza

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Nakujibu kwa barua kwa sababu ukinipigia simu utanikatiza.

Umesema huko ofisini Dodoma mmeanzisha kikundi cha kusoma, wahasibu watupu, na zamu ya kuchagua imekuangukia wewe. Unataka vitabu viwili vya Kiswahili, kimoja cha hadithi na kimoja cha mambo ya kweli, kwa ajili ya "watu wadadisi wanaotaka mambo wasiyoyajua kabisa". Hayo ya mwisho ndiyo yamenikaa rohoni. Nani kakwambia mdadisi anataka asiyoyajua? Mimi kila siku nasema, na humu ndani mmeshanichoka: mtu mpe kwanza kitabu cha jambo analolijua. Hapo atagombana nacho, na akishagombana nacho hakiweki chini.

Yule mzee wa nyumba ya pili pale Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, wewe ulimjua kwa ubuyu tu. Hukumjua enzi zake, alipokuwa kibarua wa bandarini. Enzi hizo meli kubwa Tanga hazikuwa zikifika gatini, zilitia nanga nje kwenye kina, mzigo ukahamishiwa kwenye matishali, yale mashua mapana ya kubebea shehena. Marobota ya katani yakitoka, mbolea ikiingia, na vyote vinapita mabegani mwa watu kama yeye. Nilikuwa nimenunua Kuli ya Adam Shafi, kile cha mwaka 1979, habari za Rashidi na makuli wa bandari ya Unguja hadi mgomo wao wa 1948. Jioni moja nimekaa nacho barazani, mzee akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akacheka. "Kitabu cha makuli? Kaandika kuli mwenyewe?"

Akaniambia nimsomee. Usifikiri alisikiliza kama watu wanavyosikiliza ngano. Alikuwa anakagua. "Ngoja. Hapo rudia." Alitaka kujua huyu bwana amewahi kushika gunia au ameambiwa na watu. Kesho yake akaja na wenzake wawili. Babu yako akatoka ndani kuona kelele za nini, akakuta wanaume watatu wazima wanabishana juu ya nyapara aliyemo kitabuni kana kwamba wanamdai. Mwisho mzee akakiazima. Yeye herufi za kizungu hazijui, alisomeshwa Kiarabu chuo cha Kurani, lakini mwanawe alikuwa darasa la sita.

Kilikaa huko hata nikakata tamaa. Kiliporudi hakina jalada, kinanuka samaki na mafuta ya mashine, na pembezoni mwa kurasa mtu ameandika kwa penseli, herufi kubwa za mtoto: KWELI. Kurasa chache mbele: KWELI. Kisha pahala pamoja, amekandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka: UONGO. Ninacho hadi leo. Sijapata kuona uhakiki ulionifurahisha kuliko ule.

Sasa mjomba wako. Arusi ya dada yako, wageni wamejaa ukumbini, mtu anazungumzia vitabu, na yeye anapaza sauti: "Riwaya ni uongo uliopangwa vizuri. Mtu mzima anasoma historia." Mimi nimeshika sinia la pilau mikono miwili, siwezi kuliweka chini, siwezi kumjibu. Watu wakacheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta. Ninavyosonga ugali namjibu, ninavyofua namjibu. Amesoma, sikatai, na ana kabati la vioo. Lakini ukimuuliza kitabu gani kilimfanya ainuke kitini, atakutajia idadi ya kurasa.

Hapa lakini nitajipinga mwenyewe. Ukerewe sijawahi kufika, kile kisiwa nimekiona kwenye ramani tu. Na kitabu nilichokipenda kuliko vyote ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza, ambacho kimejaa Ukerewe mwanzo mwisho: pombe ya ndizi inavyopikwa, wakwe wanavyosalimiwa, dawa, shamba, uvuvi. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, akakaa akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Mtu amengoja miaka thelathini na mitano! Basi mbona kilinishika mimi mtu wa Tanga, nisiyejua hata mtumbwi wao unavyochongwa?

Nitakwambia. Bugonoka hana mtoto. Ndugu wa mumewe wanasema maneno, maneno yanawafikia wazazi wake, baba yake anakuja kumchukua binti yake anarudi naye nyumbani. Myombekere inambidi aende ukweni ajishushe, aombe, atozwe pombe, amrudishe mkewe. Wewe ulivyochelewa kuja unajua, na maneno ya upande wa baba yako unayajua. Sitayarudia, walioyasema ni marehemu, na marehemu hasemwi. Nilikisoma usiku baada ya watu kulala. Na baba yako, nimtendee haki, naye alinifuata Muheza. Habari ya Muheza unaijua.

Kwa hiyo sijui nimejipinga au nimejithibitisha. Labda Ukerewe ndiyo nisiyoijua, na mengine yote nilikuwa nayajua vizuri mno.

Turudi kwa wahasibu wako. Ungeniuliza cha kweli cha kuwapa watu wa namna hiyo, ningesema Maisha ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, jina lake hasa Hamed bin Muhammed, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yakaandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla hajafariki Unguja mwaka 1905. Si kinene. Kiswahili chake ni cha zamani, kinataka kusomwa kwa sauti, msikisome kimya kimya kama barua pepe. Na ni kitabu cha mtu wa hesabu: frasila ngapi za pembe (frasila ni kipimo cha uzito cha zamani), mali kachukua kwa nani, deni kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja aliyemkopesha, limefikia wapi. Wenzako watajiona mle, wataanza kumkagua kama wanavyokagua vitabu vya kampuni. Safi.

Kisha watafika pale wapagazi wanapomtoroka njiani, naye anavamia vijiji, anasomba watu kwa nguvu wabebe mzigo, na analisimulia hilo bila kupunguza mwendo, kana kwamba amekodi punda. Hapo nataka kusikia mhasibu mmoja akiuliza: hawa wameingizwa safu gani? Pembe zina uzito na zina bei. Waliozibeba hawana hata jina.

Mjomba wako hicho atakiita kitabu cha ukweli, na kweli ni cha ukweli, mwenyewe mwenye maisha ndiye anayesema. Bega la mpagazi hulikuti mle. Ukilitaka bega, na kidonda chake, na alichokisema mwenye bega aliporudi nyumbani jioni, itabidi ukalitafute kwenye ule "uongo uliopangwa vizuri" wa Adam Shafi, ambao vibarua wa bandari ya Tanga waliuandikia KWELI kwa penseli. Mjomba wako hilo sijapata nafasi ya kumwambia. Sinia.

Lakini pia nisimwonee. Bila Tippu Tip kusema kwa mdomo wake tungedhani tumesingiziwa. Riwaya isingetosha, mtu angesema mwandishi ana chuki zake. Kwa hiyo vyote viwili. Kipi kitangulie, uliuliza? Sikwambii. Zamu ni yako na watu ni wako, mimi nikichagua watakuwa wanamsoma mama yako. Ukinibana sana nitasema Kuli iwe mbele, maana mtu akishasikia uzito wa gunia, frasila hazisomi tena vilevile. Lakini sijasema.

Nakala yangu sitoi, utanisamehe. Nitafutie wewe nyingine madukani huko. Myombekere usiwape kwa sasa, ni kirefu, watakuja na visingizio vya kufunga mahesabu ya mwaka. Hicho soma wewe.

Mjomba wako akisikia mnasoma Tippu Tip atataka kupanda basi aje awahutubie. Msimwalike. Au mwalikeni tu, ni mjomba wako, lakini apewe Kuli mlangoni na asiingie mpaka amesoma sura mbili.

Baba yako anakusalimu.

Wasalaam,
Mama yako