Ukimpeleka daktari Baraza la Madaktari, mshtaki kwa alichomfanyia mgonjwa

Dada mleta uzi, pole sana kwa msiba wa baba mdogo. Kwa mnaoingia sasa: dada anauliza kwa nini yule daktari aliyesambaza sauti za WhatsApp mwaka 2021, akiwafundisha watu, baba mdogo akiwemo, kununua dawa na kujitibu corona nyumbani, bado ana leseni na kliniki inajaza watu, wakati huko Ulaya na Marekani wenzake wamechukuliwa hatua. Anauliza pia kama tutunge sheria ya kuwafutia usajili madaktari wapotoshaji. Wengi mmejibu "ndiyo, wafutwe wote". Mimi ni muuguzi. Kipindi chote kile nilikuwa wodi ya wanaume, hospitali moja Kanda ya Ziwa. Huyo daktari mpeleke, nitakusaidia hata kuandika. Ila hiyo sheria siitaki hata kwa dawa.

Mpotoshaji ni nani, na nani anamtaja? Tusijisahaulishe. Takwimu zetu zilisimama mwishoni mwa Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya cha zaidi ya mwaka. Mei tukaambiwa na Rais Magufuli kwamba sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na corona, na mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Julai zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazokataza kutoa habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka, na Kwanza Online TV ikafungiwa miezi 11 kwa kuweka tangazo la tahadhari la ubalozi wa Marekani. Januari 2021, akiwa Chato, Rais akasema chanjo hazifai, wizara isizikimbilie. Siku chache baadaye Waziri Dorothy Gwajima akasema hakuna mpango wa kuzipokea, na waandishi wakaonyeshwa namna ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu, limao na pilipili. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa hadharani, waziri akiwa yuleyule, na Agosti waziri huyo akaagiza Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, ahojiwe kwa kuipinga chanjo.

Sasa ichomeke hiyo sheria yenu hapo katikati. Daktari aliyesema Februari kwamba chanjo zinafaa anaitwa mpotoshaji. Ikifika Agosti, mpotoshaji ni aliyesema hazifai. Matokeo ya majaribio makubwa ya chanjo yalikuwa yameanza kuchapishwa tangu Desemba 2020, yaani hapo katikati sayansi haikupinduka, aliyebadilika ni mwenye nyumba. Na Baraza la Madaktari Tanganyika (ndiyo, jina bado ni hilohilo) liko chini ya wizara ileile. Wanaoukumbuka mgomo wa 2012 wanajua madaktari wa mafunzo kwa vitendo walivyofikishwa mbele ya Baraza hilo. Mimi chombo cha namna hiyo sikipi rungu la kuamua maneno gani ya daktari ni ya kweli.

Wala si sisi peke yetu. Li Wenliang, daktari wa macho pale Wuhan, aliwaonya wenzake kuhusu ugonjwa huu kwenye kundi lao tarehe 30 Desemba 2019. Siku nne baadaye polisi walimsainisha karatasi ya karipio kwa kueneza uvumi. Februari 7 akafa kwa ugonjwa uleule, na karipio likafutwa Machi, yeye akiwa keshazikwa.

Nirudi kwa daktari wako, maana nadhani sauti zake nazijua. Februari 2021 mafaili yetu yalikuwa yanaandikwa "nimonia kali", kila kitanda nimonia kali, na wote tulijua kwa nini. Usiku mmoja vijana wawili walimleta mzee wao ndani ya Noah, mfanyabiashara wa dagaa. Mkononi wamebeba bahasha ya kaki ya duka la dawa: dexa (yaani deksamethasoni), azithro ya antibiotiki, ivermectin ya minyoo, zinki, vitamini C. Nikauliza nani kaandika. Mkubwa akatoa simu akaniwekea sauti. Daktari anajitaja jina, anataja alikosomea, sauti tulivu kabisa, hata mimi ningemwamini. Dexa vidonge vinne asubuhi, vinne mchana, vinne jioni. Msiende hospitali, huko mtaishia kwenye mtungi.

Nikamvalisha kifaa cha kupima oksijeni kidoleni: asilimia 94, bila msaada wowote. Mapafu yalikuwa bado yanajitahidi. Nikamtoboa kidole kupima sukari, mashine ikaandika HI. Wasiojua wasidhani ni salamu ya Kizungu. Maana yake sukari imepanda kuliko mashine inavyoweza kusoma, kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33. Midomo imekauka, mzee anapumua haraka haraka na harufu ya matunda yaliyooza inatoka kinywani. Vijana wanasema ni corona imezidi. Kumbe corona ilikuwa na nafuu usiku ule. Alikuwa mgonjwa wa kisukari wa siku nyingi, na dexa inapandisha sukari, hilo linafundishwa mwaka wa kwanza. Tulikesha naye kwa drip na insulini, akatoka salama. Umeandika kwamba baba mdogo naye alikuwa na kisukari na alianza kukojoa sana kabla hajapoteza fahamu. Kwa hiyo unajua ninachokisema.

Hapa ndipo wengi mnapokosea shabaha. Vidonge vile ni vya nusu miligramu. Kumi na viwili kwa siku ni miligramu 6, dozi ileile ya jaribio la RECOVERY la Oxford lililotangaza matokeo Juni 2020! Dexa ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa kwenye oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Daktari yule alichukua utafiti wa kweli, akabeba dozi ya kweli, akaacha mstari unaosema apewe nani. Ukimshtaki kwa "upotoshaji", atakuja na makala ya Oxford mkononi, atasoma mstari wa dozi kwa sauti yake ileile tulivu, na wajumbe watabaki wanabishana tafsiri. Atashinda.

Mshtaki hivi: aliandika dawa kwa watu ambao hajawaona. Hakuuliza kisukari, hakuuliza presha, hakuacha kumbukumbu, hakumfuatilia hata mmoja. Kosa hilo ni la zamani kuliko corona. Halihitaji mtu aamue kama ivermectin inafanya kazi au haifanyi, na wala halibadiliki waziri akibadilisha mawazo.

Mmetaja sana mfano wa Andrew Wakefield wa Uingereza, yule wa chanjo ya surua na usonji, kwamba "alifutwa kwa kupotosha". Someni mashtaka. Makala yake ilitoka mwaka 1998 kwenye jarida la kitabibu la Lancet, ilihusu watoto 12. Alipofutwa kwenye rejista Mei 2010, kilichomfuta ni udanganyifu na namna alivyowatendea watoto: vipimo vizito, vikiwemo vya kuchomwa sindano ya uti wa mgongo, bila kibali cha maadili kinachostahili, fedha za mawakili ambazo hakuzitangaza, na damu aliyowatoa watoto kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwanawe, akiwalipa pauni 5 kila mmoja. Baraza la kule halikukaa kuamua kama chanjo inaleta usonji. Kwa hiyo shauri likasimama.

California walijaribu njia mnayoitaka. Septemba 2022 gavana alisaini sheria namba AB 2098, daktari anayempa mgonjwa wake habari potofu za corona ahesabiwe kavunja maadili, na kipimo kikawa ni kwenda kinyume na makubaliano ya kisayansi ya wakati huo. Ikaanza Januari 2023. Mwezi huohuo Jaji William Shubb akaizuia kwa sababu haieleweki daktari atajuaje ni makubaliano gani na ya nani, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuifuta. Kumbuka barakoa: Shirika la Afya Duniani lenyewe halikuzipendekeza kwa watu wote mwanzoni, likabadilika Juni 2020. Muuguzi aliyevaa barakoa sokoni mwezi Machi alikuwa kinyume na makubaliano. Halafu ile sheria iligusa maneno ya daktari kwa mgonjwa wake tu, si ya mitandaoni. Huyo wenu wa WhatsApp angepenya kirahisi.

Kuna mchangiaji kauliza, je, daktari aseme lolote tu, hata uongo wa wazi? Hapana. Uingereza kuna kesi mbili za kuzilinganisha. Dkt. Samuel White alirekodi video Juni 2021 akisema barakoa hazisaidii kitu na kuitilia shaka chanjo. Kabla shauri lake halijasikilizwa lote, jopo la muda likamzuia kusema chochote mitandaoni kuhusu corona. Desemba Mahakama Kuu ikalitengua zuio hilo, kwa kuwa jopo halikutumia kipimo cha sheria ya haki za binadamu kinachohusu uhuru wa kujieleza. Haikusema White yuko sahihi, msije mkaibeba vibaya. Mwingine ni daktari bingwa wa upasuaji, Mohammad Adil, aliyesema kwenye video za 2020 kwamba ugonjwa wenyewe ni hila. Yeye alisikilizwa mpaka mwisho, akasimamishwa miezi sita, na rufaa yake Mahakama Kuu ikagonga mwamba 2023. Hapo sina ugomvi. Mtu aliyejitambulisha kwa udaktari wake kisha akasema ugonjwa haupo, na akapewa nafasi kamili ya kujitetea, avune alichopanda.

Wakenya mliomtaja marehemu Dkt. Stephen Karanja, mwenyekiti wa chama cha madaktari Wakatoliki, mimi namwona tofauti. Aliipinga chanjo waziwazi Machi 2021, akatetea kujifukiza na dawa kama ivermectin, na mwishoni mwa Aprili corona ikamchukua. Yule aliamini alichosema, na jina lake aliliweka hadharani. Waliofanya la maana ni maaskofu wa Kenya, waliojitokeza haraka kusema chama hicho hakiwasemei na kwamba chanjo ni halali. Muumini alijibiwa na watu wa nyumba yake mwenyewe. Huku kwetu mwaka huo nani angemjibu daktari wa WhatsApp? Madaktari bingwa waliojua dexa ni ya nani walikuwepo, ninawafahamu, lakini kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha. Zile sauti zilitamba kwa sababu hakukuwa na sauti nyingine.

Haya, malalamiko yako. Yanaandikwa kwa Msajili wa Baraza. Taja jina kamili la daktari, mahali anapofanyia kazi, tarehe, alichomfanyia marehemu. Usiandike "alipotosha jamii", andika "alimwandikia dawa marehemu bila kumpima". Sauti usiiforwadi kwangu wala kwa mtu mwingine. Iache kwenye simu iliyoipokea, na tarehe zake. Tafuta pakiti zilizobaki na risiti ya duka. Tafuta karatasi ya hospitali yenye kipimo cha sukari cha siku aliyofikishwa, na mkinyimwa faili ombeni kwa maandishi.

Kikubwa zaidi, umeandika kwa kupitia tu kwamba baba mdogo "alimtumia elfu ishirini ya ushauri". Dada, hilo ndilo shauri lenyewe. Akishapokea hela, hawezi tena kusema alikuwa anatoa elimu kwa umma. Alikuwa na mgonjwa. Mwulize mama mdogo simu ya marehemu iko wapi. Kama laini ilishafungwa, msimamizi wa mirathi aende kwenye mtandao husika aulizie taarifa ya miamala ya mwezi ule. Ifuatilie hiyo kwanza, kabla hujaandika mstari hata mmoja, kisha nitumie PM tukae tuandike.