Maswali Yenu: Juni Kwenye Milima ya Alps, Jua Kali na Theluji Bado Ipo

Tangu Mei iishe maswali mengi yanayokuja hapa ni ya Alps, ile milima mirefu ya Ulaya, wengine mko kule kwa masomo au kazi na wengine mnapanga safari, na karibu wote mnashangaa kitu kimoja, kwamba kalenda inasema kiangazi kimeanza lakini ukiinua macho juu ni kama bado majira ya baridi. Nimechagua machache, yale yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo. Niko Innsbruck nasoma. Huku chini tunavaa fulana, jua linachomoza saa kumi na moja na nusu asubuhi na linazama saa tatu usiku, lakini milima inayozunguka mji bado nyeupe juu. Kwa jua lote hilo theluji inasubiri nini? – Mwanafunzi, Innsbruck

Marahaba mwanangu. Anza na urefu. Kwa wastani hewa inapoa kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1000, sababu huko juu kanieneo ni ndogo, hewa inayopanda inatanuka na ikitanuka inapoa. Innsbruck iko kama mita 570 juu ya usawa wa bahari, Hafelekar hapo juu yenu iko mita 2334, kwa hiyo mkiwa na nyuzi 26 mjini pale kileleni ni kama 15 tu, na hiyo ni mchana wa siku nzuri. Ukienda mpaka Sonnblick, kilele kingine cha Austria, pale penye kituo cha kupima hali ya hewa kilichoanza kazi mwaka 1886 kwenye mita 3106, theluji inaweza kuanguka mwezi wowote wa mwaka, hata Julai.

Ila urefu peke yake hautoshi kueleza. Kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii, theluji ya milimani haifikii kina chake kikubwa Januari wala Februari, kule juu inaendelea kurundikana mpaka mwisho wa Aprili au Mei, yaani jua la Juni linaanza kazi wakati mzigo ndo kwanza umekuwa mkubwa. Alafu kuyeyusha barafu kunakula joto jingi mno, kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi 0 inahitaji joto lile lile ambalo lingetoa kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 mpaka karibu 80, na muda wote inapoyeyuka inabaki pale pale kwenye sifuri na inapoza hewa inayoigusa. Ongeza kwamba theluji mpya inarudisha angani mpaka asilimia 80 ya mwanga au hata zaidi, haipokei joto kirahisi.

Kinachoisaidia kuyeyuka ni uchafu. Baadhi ya miaka majira ya kuchipua upepo unaleta vumbi la Sahara mpaka Alps, ukichimba theluji kwa mkono unaona tabaka la rangi ya kahawia au manjano limekaa katikati, na tabaka hilo likifika juu theluji inashika joto zaidi na kuisha mapema. Kwa hiyo tazama hizo kuta nyeupe hapo Innsbruck, zile sehemu zenye rangi chafu utaona zinawahi kuisha.

Tulipanda na wanangu wawili Jumapili. Simu ilionyesha jua na kiwingu kimoja, tukaanza saa nne asubuhi, anga safi kabisa. Saa tisa ikapiga radi na mvua ya mawe, watoto wamelia njia nzima. Huu utabiri una faida gani? – Baba, Munich

Pole sana kaka, na wape pole watoto. Naomba nikujibu kwa urefu kwa sababu hili ndo linaloumiza watu zaidi Juni, na nadhani utabiri haukuwa mbovu sana, ila ile picha ya jua na kiwingu ni ya siku nzima na mara nyingi ni ya mji ulioko bondeni. Mlimani mwanzo wa kiangazi siku moja ina hali ya hewa mbili, ya asubuhi na ya alasiri, na kuzichanganya kwenye kapicha kamoja hakukusaidii kitu.

Hivi ndivyo inavyokuwa. Jua likitoka linapiga kwanza miteremko inayotazama mashariki, inakuwa kama imewekwa wima kulipokea, inapata moto kabla bonde halijapata. Hewa iliyogusa mteremko inakuwa na joto kuliko hewa iliyo angani kwenye urefu ule ule, inakuwa nyepesi na inapanda kufuata mlima, ndo ule upepo mwororo unaokusukuma mgongoni asubuhi ukiwa unapanda. Inabeba unyevu, na Juni unyevu upo mwingi sana, ardhi imelowa maji ya theluji na majani yanakua kwa kasi. Ikifika juu inapoa, unyevu unageuka wingu. Kwa kuwa hewa ya tabaka za juu mara nyingi bado ni ya baridi mwanzo wa kiangazi, ile inayopanda haipati cha kuizuia, inaendelea tu kwenda juu mpaka inakuwa mnara.

Sasa ratiba yake. Mida ya saa nne au tano asubuhi unaona vipande vidogo vya pamba juu ya vilele tu, bondeni hamna kitu. Hivyo vyenyewe havina shida. Lakini angalia umbo lake, kama kabla ya saa sita vimeshakuwa virefu kwenda juu kuliko upana, na kichwa chake kina kingo kali kama koliflawa, siku hiyo ina radi. Saa nane, saa tisa wingu linakuwa jeusi chini na juu linatandaa kama meza, kuanzia hapo mpaka saa kumi na mbili jioni ndo muda wa hatari. Nyie mlianza saa nne, maana yake mlikuwa juu kabisa wakati mbaya kuliko wote. Mngeanza saa kumi na mbili asubuhi mngekuwa mmesharudi mnakula chakula cha mchana.

Kwenye simu acha kuangalia picha, fungua utabiri wa saa kwa saa na tafuta uwezekano wa radi kuanzia saa saba mchana, na pia tafuta urefu ambao joto linafika nyuzi 0, taarifa nyingi za milimani zinauandika. Ukiona umeshuka ghafla kutoka mita 3500 kwenda 2500 ujue kuna hewa ya baridi inakuja, na hiyo haingoji alasiri, inaweza kuleta radi hata asubuhi.

Ikikukuta njiani: sauti inasafiri kilomita moja kwa kama sekunde 3, hesabu toka umeme umulike mpaka usikie ngurumo, ukipata sekunde 30 radi iko kama kilomita 10 na tayari ni karibu sana, teremka. Toka kwenye kilele na kwenye mgongo wa mlima, achia nyaya na ngazi za chuma zilizofungwa kwenye miamba, usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye mdomo wa pango. Ndani ya nyumba au gari lililofungwa ni salama. Kama hamna pa kwenda, achaneni kwa hatua kadhaa, kila mtu achuchumae miguu ikiwa pamoja, asilale chini. Nywele zikisimama au vyuma vikianza kutoa mlio kama wa nyuki hiyo sio ya kusubiri hata dakika moja. Baada ya ngurumo ya mwisho kaa dakika 30 ndo uendelee, watu wengi wanatoka mapema wakiona mvua imepungua na hapo ndo wanapigwa.

Asubuhi tulivuka kijito kwa kurukia mawe, jioni tunarudi yale mawe hayaonekani, na mvua haikunyesha. Imekuwaje? – Msomaji, Grenoble

Maji hayo ni theluji iliyoyeyuka mchana. Inachukua saa kadhaa kutoka juu mpaka kufika kwenye kijito chako, kwa hiyo maji yanajaa alasiri mpaka jioni na yanakuwa machache kabisa alfajiri. Kama njia yako ina kuvuka maji mara mbili panga kurudi kabla ya saa saba hivi, au tafuta njia yenye daraja hata kama ni ndefu. Maji yakifika magotini na yanakimbia usijaribu, dada, ni ya baridi sana na yanaangusha hata mtu mzima mwenye nguvu.

Rafiki yangu anasema theluji ya asubuhi inabeba mtu na ya mchana haibebi. Mimi nimeenda asubuhi na nimezama mpaka magotini. Nani mkweli? – Msomaji, Zürich

Rafiki yako ni mkweli, ila hakukwambia habari ya usiku. Usiku ukiwa hauna mawingu theluji inatupa joto lake angani na ngozi yake ya juu inaganda ngumu, hata kama hewa yenyewe iko nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Mawingu yakitanda yanalirudisha lile joto, haigandi, na asubuhi unazama kama ulivyozama wewe. Kwa hiyo kabla ya kulala toka nje uangalie juu. Ukiona nyota, kesho alfajiri theluji itakubeba vizuri, ila uwe na vyuma vya kufunga kwenye buti maana ngumu maana yake inateleza. Usipoziona, chagua njia ya chini ambayo theluji imeshaisha.

Kulikuwa na mawingu na baridi, nimerudi uso umeungua mpaka ngozi inabanduka. Mimi ni mweusi, nilidhani haiwezekani. – Msomaji, Chamonix

Inawezekana ndugu yangu, na naomba tuache kudanganyana kwenye hili. Baridi haina uhusiano na miale inayounguza. Miale hiyo inaongezeka kama asilimia 10 mpaka 12 kila mita 1000 unazopanda, Juni jua ndo liko juu kuliko mwezi mwingine wowote, mawingu mepesi yanaipitisha, alafu theluji inaitupa tena kutoka chini, ndo maana watu wanaungua chini ya kidevu na ndani ya pua, mahali ambapo jua la juu haliwezi kufika. Ngozi nyeusi inachelewa kuungua lakini inaungua. Macho yetu ndo hayana kinga yoyote ya ziada, ukikaa mchana kutwa kwenye theluji bila miwani usiku utahisi umetiwa mchanga machoni. Paka mafuta ya kukinga jua, rudia kila baada ya saa mbili, miwani iwe ya kuziba mpaka pembeni.

Tumekodi gari katikati ya Juni tutoke Uswisi kwenda Italia kupitia njia ya mlimani ya Great St Bernard kule juu. Njia itakuwa wazi? – Wanandoa wapya

Hongereni! Barabara ya juu iko mita 2469 na kwa kawaida inafungwa kuanzia Oktoba hivi mpaka Juni, tarehe ya kufungua inategemea theluji ya mwaka huo, kwa hiyo angalieni taarifa ya barabara siku mbili tatu kabla. Ikiwa imefungwa lipo handaki chini yake lililofunguliwa mwaka 1964, hilo linapitika mwaka mzima. Na hata ikiwa wazi wekeni makoti ndani ya gari. Katikati ya Juni mara nyingi hewa ya baridi inashuka toka kaskazini magharibi, wafugaji wa Alps wanaijua sana kwa sababu inawakuta kondoo wakiwa wametoka kunyolewa, na theluji inaweza kushuka mpaka mita 2000 au chini ya hapo kwa siku moja mbili kisha jua linarudi.

Nipige hema wapi nisipate baridi? Nimeona bonde dogo zuri, kama bakuli, halina upepo. – Msomaji, Salzburg

Usilale humo. Usiku hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kujikusanya kwenye shimo kama hilo, na kwa kuwa hamna upepo wa kuitoa inazidi kupoa. Austria kuna shimo la namna hiyo linaitwa Grünloch, liko kwenye mita 1270 tu, na mwaka 1932 wakati wa baridi lilipimwa nyuzi 52.6 chini ya sifuri, baridi ambayo hata vilele virefu vya nchi ile havijaifikia. Juni haitakuwa hivyo bila shaka, lakini hema litaamka lina barafu wakati mita 50 juu yako majani hayana hata umande ulioganda. Panda kidogo ulale begani mwa mlima, sio mgongoni.

Kwa ushauri wako, niende Juni au nisubiri Septemba? – Msomaji, Vienna

Ukitaka kufika vilele virefu na njia kavu subiri, Septemba radi zimepungua sana na theluji ya zamani imeisha njiani. Lakini mimi ningekwambia nenda Juni kama unaweza kuamka mapema, uone soldanella, ua dogo la zambarau linalotoboa theluji nyembamba na kutokeza kabla theluji yenyewe haijaisha, ukiinama unaona kila shina limejitengenezea katundu kake. Baki chini ya mita 2000, miteremko inayotazama kusini inakauka kwanza, ile ya kaskazini iache mpaka Julai. Na nyumba za wapandaji huko juu nyingi zinafungua katikati au mwisho wa Juni, kwa hiyo piga simu kwanza uulize kama wameshafungua na njia ikoje, wanaokaa pale wanaiona kila siku.