Jibu: Fundi wa kuchomelea anaweza kupata viza ya EB-3?
Mkuu, umeuliza kama cheti cha VETA na miaka 3 ya kuchomelea vinatosha uombe mwenyewe EB-3, yaani viza ya kuhamia Marekani kwa kazi ya kudumu. Sifa unazo: kundi la mafundi stadi linataka kazi inayohitaji angalau miaka 2 ya mafunzo au uzoefu, na isiwe ya msimu. Ila huombi wewe. Mwajiri ndiye anatangaza kazi, anaithibitishia Wizara ya Kazi ya huko kuwa hakupatikana mfanyakazi wa huko mwenye sifa ili apate kibali, kisha anapeleka uhamiaji fomu I-140 ya kukuombea.

Wewe hangaika mapema na barua ya uzoefu kutoka karakana ulikofanya kazi. Iwe na jina, cheo na anwani ya aliyeiandika, tarehe ulizofanya kazi, na ulichofanya hasa: "alichomelea mageti na matrela kwa umeme na gesi", siyo "ni kijana mwaminifu" (barua zetu bwana!). Uzoefu utakaoupata baada ya maombi ya mwajiri kupokelewa wizarani hauhesabiki.

Na huyo wakala anayetaka umlipie mwajiri wakili na matangazo ya kibali, achana naye. Kisheria hizo ni gharama za mwajiri. Zako ni kama ada ya viza na vipimo vya afya.